Acquire na obtain: jinsi ya kuchagua moja unapoandika Kiingereza

Kiswahili kinatutosheleza kwa neno moja hapa. Tunapata kazi, tunapata mtoto, tunapata ajali, tunapata homa, tunapata ruhusa, tunapata akili baada ya kupata taabu, na hakuna anayetuuliza ni kupata kwa namna gani. Ukifika kwenye Kiingereza cha kuandika, hasa kile cha barua rasmi, ripoti na tasnifu, kupata huko kunagawanyika. "Get" linaachiwa mazungumzo, na mwandishi anabaki na maneno mawili yanayofanana kama mapacha: "acquire" na "obtain". Fungua kamusi ya Kiingereza na Kiswahili, na kwa yote mawili utakutana na "pata". Mtu anaifunga kamusi akiamini kwamba kuchagua ni suala la kupenda tu.

Kazi yangu ni uhariri. Nasoma Kiingereza kilichoandikwa na watu wanaofikiri kwa Kiswahili, na maneno haya mawili nayajali kwa sababu hujitokeza mahali ambapo mwandishi ana kitu cha kupoteza: barua ya maombi ya kazi, ombi la ufadhili, sura ya matokeo ya utafiti. Msomaji wa upande wa pili hatakuandikia kwamba umekosea kitenzi. Atahisi tu kuwa sentensi haijakaa sawa, kisha atahisi hivyo tena ukurasa wa pili, na mwishowe atakuwa na shaka na mambo ambayo uliyaandika vizuri kabisa.

Tofauti yenyewe ni hii. "Obtain" hutazama njia: ulikitaka kitu, ukachukua hatua, ukapewa au ukakitoa mahali kilipokuwa. "Acquire" hutazama hali ya baadaye: kitu sasa ni chako, au kimekuwa sehemu yako, hata kama hukukifuata. Mimi huliwaza "obtain" kama neno lenye dirisha. Upande mmoja yupo mwenye shida, upande wa pili yupo mwenye kutoa, au pana mahali penye kitu. "Acquire" halihitaji dirisha lolote.

Anza na swali la kusudi

Ukikwama, jiulize kwanza: je, aliyepata alikusudia kupata?

"Obtain" linadai kusudi. Viza inaombwa, kibali kinafuatiliwa, hati ya upekuzi polisi wanakwenda kuiomba kwa hakimu, ridhaa ya mgonjwa daktari anaitafuta kabla ya upasuaji. Zote hizo ni "obtain": "obtain a visa", "obtain a permit", "obtain a warrant", "obtain consent". Katika makala za utafiti wa tiba kuna sentensi ambayo imekuwa kama sala, inarudiwa karibu neno kwa neno: "Written informed consent was obtained from all participants." Weka "acquired" pale, na mhakiki atasimama hapohapo, maana ridhaa haimjii mtafiti ikabaki kuwa mali yake. Aliiomba, akapewa.

"Acquire" halidai kusudi, ingawa halilikatazi. Mtu aliyekaa ugenini miaka mingi anarudi na lafudhi ya huko: "He acquired an accent." Hakuiomba popote. Kijana ameanza kung'ata kucha: "She acquired the habit of biting her nails." Mchezaji amebandikwa jina la utani na mashabiki: "He acquired a nickname." Neno la zamani limeanza kutumika kwa maana mpya: "The word has acquired a new meaning." Katika sentensi hizi zote, "obtained" linaleta picha isiyowezekana, ya mtu aliyepanga foleni dirishani kuomba lafudhi.

Magonjwa yapo upande huu pia, na hapa ndipo kupata kwetu kunapotupoteza zaidi. Kwa kuwa tunasema amepata homa ya mapafu, mwandishi anayetaka kusikika rasmi anaandika "He obtained pneumonia", na mgonjwa wa watu anaonekana kama aliyejitafutia maradhi. Madaktari husema "acquired". Maambukizi ambayo mgonjwa ameyapata akiwa wodini ni "hospital-acquired infection", na homa ya mapafu iliyompata mtu akiwa nje ya hospitali ni "community-acquired pneumonia". Herufi ya kwanza ya AIDS, jina lililoanza kutumika mwaka 1982, ni "Acquired": upungufu wa kinga ambao mtu hakuzaliwa nao, umempata maishani. Jina letu UKIMWI, Upungufu wa Kinga Mwilini, halikuibeba sehemu hiyo, na nadhani ni sababu mojawapo ya watu kulisoma jina la Kiingereza kila siku bila kukiona kitenzi kilichomo. Zingatia lakini kwamba "acquired" ni lugha ya wataalamu. Ukimwandikia rafiki, mafua ni "I caught a cold" au "I got a cold", basi.

Maana hiyohiyo ya kitu ambacho hukuzaliwa nacho ndiyo iliyo katika biolojia. Lamarck, mwanabiolojia wa Ufaransa, katika kitabu chake cha mwaka 1809, alifikiri kwamba mabadiliko yanayompata kiumbe maishani mwake yanaweza kurithiwa na watoto wake. Wazo hilo Waingereza huliita "inheritance of acquired characteristics". Hakuna mnyama aliyekwenda kuomba sifa, kwa hiyo "obtained" haiwezi kukaa pale.

Kisha uliza: baada ya hapo, ni chako?

Swali la kusudi halimalizi kazi, kwa sababu "acquire" hutumika pia kwa mambo yaliyopangwa na kulipiwa kwa fedha nyingi. Hapo uliza swali la pili.

Mwaka 1867 Marekani iliinunua Alaska kutoka Urusi kwa dola milioni 7.2. Vitabu vya historia vitakuambia "The United States acquired Alaska". Mwaka 2006 Google iliinunua YouTube, na mwaka 2012 Facebook ikainunua Instagram. Kurasa za biashara ziliandika "acquired". Kulikuwa na kusudi, mazungumzo, wanasheria na mikataba, yaani njia ndefu kuliko ya viza yoyote. Lakini kinachotangazwa si njia. Kinachotangazwa ni kwamba umiliki umehama. Hisa, ardhi, kiwanda, mchoro wa thamani kwa ajili ya makumbusho: vyote hivyo ni "acquire", kwa sababu jambo kubwa ni nani sasa mwenye mali.

"Obtain" halisemi chochote kuhusu umiliki. Linaweza kuwapo, linaweza kukosekana. Sheria ya wizi ya Uingereza ya mwaka 1968, Theft Act, ilikuwa na kosa lililoitwa "obtaining property by deception", kujipatia mali kwa udanganyifu, ambalo baadaye liliondolewa na sheria ya ulaghai ya mwaka 2006. Sheria ile ya 1968 ilifafanua kwamba mtu anahesabiwa ame-"obtain" mali akipata umiliki wake, au akiishika tu, au akiwa na uwezo wa kuiamulia. Hata aliyempatia mtu mwingine alihesabiwa humo. Nauona ufafanuzi huo kuwa somo zuri la lugha: kitu kimefika mkononi kwa hatua fulani, na hilo linatosha.

Chukua kitabu kimoja uone vitenzi vyote viwili vikifanya kazi. Maktaba inanunua muswada wa kale, inauingiza kwenye orodha ya mali yake, inaupa namba: "The library acquired the manuscript." Kitengo kinachoshughulikia ununuzi huo, katika maktaba nyingi zinazotumia Kiingereza, huitwa "acquisitions". Sasa wewe mtafiti unaandika kuomba nakala ya kurasa chache, unajaza fomu, unatumiwa: "I obtained a copy from the library." Muswada umebaki kuwa wa maktaba. Wewe ulichofanya ni kukifikia ulichokihitaji.

Mfano ninaoupenda kuliko wote ni wa uraia. Sheria ya uraia ya Uingereza ya mwaka 1981, British Nationality Act, huzungumzia "acquisition" ya uraia kwa kuzaliwa, kwa kuandikishwa na kwa tajnisi, yaani mgeni kuomba kuwa raia. Mtoto mchanga hakukusudia lolote, mtu mzima alijaza fomu hadi akachoka, na wote wawili wamewekwa chini ya neno moja, kwa kuwa mwishoni wote wamekuwa kitu ambacho hawakuwa. Lakini pasipoti ni karatasi inayoombwa ofisini, na ofisi inaweza kuifuta ikiamua. Kwa hiyo: "She acquired British citizenship and then obtained a passport." Ukiishika sentensi hiyo moja kichwani, umeshika sehemu kubwa ya jambo lenyewe.

Elimu, ujuzi, taarifa na vyeti

Hapa ndipo penye makosa mengi, na ndipo ninapotumia muda mrefu zaidi na watu ninaowahariria. Tazama aya hii ya barua ya maombi ya kazi. Nimeitunga mwenyewe, lakini kila sentensi yake ni ya aina ninayokutana nayo:

"I acquired my degree in accounting in 2019. During my studies I obtained good communication skills and obtained the habit of keeping careful records. I have acquired permission from my current employer to start in March. I have also obtained a good reputation among my colleagues."

Tuanze na shahada. Chuo kinaitoa, mwanafunzi anaifanyia kazi, siku moja anakabidhiwa. Kuna dirisha, kwa hiyo "obtained my degree". "Acquired" si kosa la sarufi hapa, na watu huliandika, ila linaifanya shahada isikike kama kiwanja kilichonunuliwa. Kwa waajiri wengi wanaosoma Kiingereza kila siku, "obtained", "received" au "earned" ndilo litakalopita bila kugusa sikio.

Ujuzi wa mawasiliano ni kinyume chake. Hakuna aliyekukabidhi. Uliota ndani yako polepole kwa mazoezi, na ukiondoka chuoni unaondoka nao. Ni "acquired". Vivyo hivyo tabia ya kutunza kumbukumbu. Ruhusa ya mwajiri ni dirisha tena, uliingia ofisini kwake ukaomba, kwa hiyo "obtained permission".

Sifa njema inataka uangalifu wa pekee. "Obtain a reputation" haisemwi. "Acquire a reputation" inasemwa, lakini ni baridi; hutumika hata kwa sifa mbaya, kama mtu aliyejipatia sifa ya uvivu. Unapotaka kusema kwamba sifa ilitokana na juhudi yako, acha vyote viwili uchukue "earn". Aya ikishanyooshwa inasomeka hivi:

"I obtained my degree in accounting in 2019. During my studies I acquired good communication skills and the habit of keeping careful records. I have obtained permission from my current employer to start in March. I have also earned a good reputation among my colleagues."

Maneno ni karibu yaleyale, ila sasa kila kitu kimepewa kitenzi kinachokijua.

Maarifa na taarifa ni ndugu wanaotenganishwa na vitenzi hivi. Taarifa ni kitu kilichoko mahali: kwenye faili, kwa afisa, kwenye tovuti. Unakwenda kuichukua: "obtain information". Maarifa yanajengeka ndani ya mtu: "acquire knowledge". Ndiyo maana wanaosoma namna mtoto anavyoipata lugha ya nyumbani kwao husema "language acquisition". Stephen Krashen, mwanaisimu wa Marekani, alilitenga hilo waziwazi na kujifunza: kwake "acquisition" ni lugha inayoingia bila mtu kujitambua kuwa anaipokea, na "learning" ni ile ya kukaa na kanuni. Wapo waliompinga juu ya mengi, lakini kwa upande wa neno alichagua vizuri. Hakuna ambaye angeita jambo lile "language obtainment".

Njia nyepesi ya kupima mambo ya namna hii ni kuangalia maneno ya wakati. "Acquire" linakaa vizuri na "gradually" na "over the years", na linakubali kuwa katikati ya mwendo: "She is acquiring a taste for opera." "Obtain" linapenda tarehe. Lilitokea siku fulani, likaisha. Ukiona sentensi yako inasema "gradually obtained", kuna uwezekano mkubwa kwamba ulikuwa unataka "acquired".

Katika ripoti na tasnifu

Sayansi na hisabati zimelichukua "obtain" kuwa lao. Matokeo: "the results obtained". Sampuli: "Blood samples were obtained from each patient." Mlinganyo: "Substituting x = 2, we obtain 7." Huo wa mwisho ni mzuri wa kukariri, kwa sababu unaonyesha jinsi "obtain" linavyomaanisha kufika kwenye jibu kwa hatua. Fuata hatua hizi, utakutana na 7. "We acquire 7" haiwezekani.

Data ndiyo itakayokusumbua. Ukizichukua kwenye ofisi ya takwimu au kwa watu uliowahoji, "the data were obtained from". Lakini mahali ambapo chombo ndicho kinachonasa, wahandisi na wataalamu wa picha za tiba husema "acquire": "data acquisition", "images were acquired using". Rada ikimnasa mlengwa, ime-"acquire" mlengwa. Kipokezi cha GPS kikianza kusoma setilaiti, kime-"acquire" ishara yake. Haya sijaona faida ya kuyalazimisha yaingie kwenye kanuni. Yajifunze kama yalivyo, na uyaache kwa mashine.

Neno "from" lisikudanganye. "Obtain" hulipenda sana, maana dirisha lina upande wa pili, lakini umeona kwamba Alaska nayo ilitoka kwa Urusi. Kuwapo kwa "from" hakuamui. Kinachosaidia ni kugeuza: ukiandika "obtained" na msomaji hawezi kubashiri kitu kilitoka wapi, sentensi imepungukiwa. Kwenye "acquired" hatauliza, au hataona kwamba ana haki ya kuuliza.

Hili la mwisho lina uzito kuliko linavyoonekana. "Acquire" hunyamaza kuhusu njia, na ukimya huo wakati mwingine husikika. Mtu akisema "He had acquired a bicycle", Mwingereza anaweza kujiuliza baiskeli ilitoka wapi, na kwa nini msemaji hakusema imenunuliwa. Kwa hiyo unapoandika juu ya nyaraka, fedha au ushahidi, mahali ambapo uaminifu wako unapimwa, andika "obtained" na utaje chanzo: "I obtained these documents from the court registry." "I acquired these documents" inaacha mlango wa shaka wazi, hata kama kila karatasi umeilipia na risiti unayo.

Familia ya kila neno

"Acquire" lina ukoo mkubwa. Nomino yake ni "acquisition". Kivumishi "acquired" kimo katika msemo "an acquired taste", kitu ambacho watu hawakipendi mara ya kwanza ila wakikizoea wanakipenda. "Acquisitive" ni mtu mwenye uchu wa kulimbikiza mali. Tahajia yake ina c kabla ya q, na ukiitamka huisikii, ndiyo maana "aquire" linapatikana hata kwenye tasnifu zilizofungwa tayari kwa jalada gumu.

"Obtain" ni maskini wa nomino. "Obtainment" limo kwenye kamusi kubwa, lakini ukiliandika litaonekana geni. Usilazimishe, rudi kwenye kitenzi, andika "obtaining a licence" au "how to obtain a licence". Kivumishi "obtainable" na kinyume chake "unobtainable" ni vya kawaida kabisa.

Kilatini nacho huwa naulizwa. "Obtain" limetokana na kitenzi cha kushika, "tenere", na "acquire" limetokana na cha kutafuta, "quaerere". Ukiangalia vizuri ni kama yamebadilishana nafasi: lenye asili ya kutafuta ndilo leo linalotazama kumiliki, na lenye asili ya kushika ndilo linalotazama kutafuta. Kwa hiyo asili ni ya kupendeza, ila usiitumie kuchagua.

Ile asili ya kushika imebaki hai mahali pamoja, na inawatisha wasomaji. "Obtain" lina maana ya pili, isiyo na yambwa: kuwapo, kutumika, kutawala hali. "The conditions that obtained before the war" ni hali zilizokuwapo kabla ya vita. "Different rules obtain here" ni kusema kwamba hapa zinafuatwa kanuni nyingine. Ukikuta "obtain" na hakuna kitu kinachopatikana baada yake, usitafute aliyepata. Soma "kuwapo", sentensi itafunguka. Katika maandishi yako mwenyewe huna haja nayo.

Mahali pasipo pa lolote kati ya hayo mawili

Barua uliyotumiwa bila kuiomba ni "receive". Mshahara ni "earn". Uzito, uzoefu na kura zaidi huenda na "gain". Umri ni "attain" katika sheria: "attain the age of 18". Hilo huchanganywa na "obtain" kwa sababu ya sauti, na "obtain the age of 18" ni kosa ambalo halina utetezi. Chai na basi ni "get", hata kwenye barua ya heshima. "Get" halina aibu, na Mwingereza msomi hulitumia kutwa nzima.

Kuna jambo la muundo pia. Kwa Kiswahili tunasema nipatie fomu, na kitenzi kinabeba mtu na kitu pamoja bila taabu. "Get me a form" linaweza hivyo. "Obtain me a form" na "acquire me a form" haziendi. Sema "obtain a form for me", au afadhali "could you send me a form".

Unapopitia andiko lako, tumia kitafutio cha kompyuta, ita "acquire" moja baada ya nyingine, kisha "obtain", pamoja na maumbo yake yote. Kwenye kila "acquire", jaribu kuweka "now has" mahali pake. Maana ikibaki palepale, liache. Kwenye kila "obtain", tafuta kwa kidole chanzo kilichotoa. Kama hakijaandikwa na unakijua, kiandike. Kama hakipo kabisa, huenda kitu hicho hukukiomba popote: ulikuwa nacho tayari, na neno lako ni "had", au ulikutana nacho ukiwa kazini, na neno lako ni "found".